Ricoh GR1 baada ya mikanda 41: Mwaloni, kivukoni na barafu za jirani

Kila nikiitoa hii kamera mfukoni pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, naulizwa maswali mawili, la kwanza "hiyo ni dijitali?" na nikijibu hapana ni ya mkanda, la pili linakuja hapohapo, "sasa mkanda unasafishia wapi?" Hilo la pili ndo zito kuliko hata mambo ya lenzi na nitalifikia, ila ngoja nianze na kamera yenyewe maana niko nayo tangu mwanzoni mwa 2024, imeshakula mikanda 41 ya picha 36, yaani nimebonyeza karibia mara elfu moja na mia tano.

Inaitwa Ricoh GR1. Ndio, Ricoh walewale wa mashine za fotokopi. Ilitoka 1996, kipindi makampuni yanashindana kutengeneza kamera ndogo za bei mbaya kwa ajili ya watu wanaojua picha, Contax T2 ya titaniamu ilikuwepo tayari, Nikon wana 35Ti, Minolta wakatoa TC-1, Leica wana Minilux, af ndo Ricoh wakaleta hii. Bodi ni aloi ya magnesiamu, gramu 175 bila betri wala mkanda, yaani simu yako pengine ni nzito kuliko hii. Unene ni milimita 26 na nusu, pametuna kidogo tu upande wa kushikia. Mfuko wa shati inaingia. Mfuko wa suruali ya jinsi inaingia, na ukikaa kwenye bodaboda kutoka Buzuruga mpaka Kirumba haikusumbui.

Yangu aliipata mdogo wangu akiwa anasoma Japani, duka la vitu vya mkono wa pili, na mpaka inanifikia mkononi ilinigharimu milioni moja na laki moja na nusu. Najua kwa hela hiyo unapata simu kali sana yenye kamera tatu nyuma, nimeambiwa hivyo na kila mtu nyumbani na wana haki ya kusema. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, lenzi nzuri kwenye kitu kidogo kisichotisha watu, ninaposimama katikati ya wachuuzi wa dagaa.

Na lenzi aisee. Ni milimita 28, f/2.8 (hiyo ni apecha, tundu la kuingizia mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), vioo saba ndani, na watu waliipenda kiasi kwamba Ricoh wenyewe baadae waliitoa peke yake iwe inafungwa kwenye kamera za skrubu za mtindo wa Leica. 28 maana yake ni pana, sio ya kumvuta mtu aliye mbali. Ukitaka sura ya mtu ionekane vizuri lazima uende, usogee, mita moja, mita moja na nusu, umsalimie, akuone. Kwa mtu aliyezoea kuzumu hii kamera itamkera wiki ya kwanza. Mimi imenifaa kwa sababu pale Mwaloni huwezi kumpiga mtu kwa mbali kwa wizi ukaondoka salama, na hata ukiondoka salama picha yenyewe inakuwa ya wizi, inaonekana. Ukifungua kabisa f/2.8 kona zinakuwa na giza kidogo, mimi naipenda hiyo, inafanya sura ya katikati ikae vizuri, ukifunga mpaka f/5.6 giza linaisha na kila kitu kinakata kama wembe, mpaka mizani ya yule mpima samaki unasoma namba.

Kitu kilichonishawishi zaidi ni kitu kinaitwa snap. Ukiweka hapo kamera haihangaiki kutafuta fokasi, inajifunga kwenye mita 2 basi. Sasa fanya hesabu, mkanda wa ISO 400 (ISO ni wepesi wa mkanda kushika mwanga), jua la Mwanza, apecha f/11, hapo kuanzia kama mita 1 mpaka mita 12 hivi kila kitu kiko wazi. Maana yake unabonyeza na inapiga saa hiyohiyo, hamna ule mguno wa sekunde nusu wa kamera ndogo nyingi. Vijana wanaoshusha sangara wanakimbia na mzigo kwenye ubao mwembamba kutoka kwenye mtumbwi mpaka nchi kavu, mguu ukiwa hewani ndo picha, sekunde nusu baadae ni mgongo wa mtu. Snap imenipa picha za miguu hewani ambazo simu yangu haijawahi kunipa, na simu yangu sio mbaya.

Tuje kwenye mwanga maana hapa ndo nilipoteza mikanda minne ya mwanzo karibu yote. Ziwani saa sita mchana ni balaa. Anga jeupe, maji yanang'aa kama bati jipya, mbele yake una mtu mweusi kama mimi. Kipima mwanga kinaona mwanga mwingi kinabana, matokeo yake ziwa zuri sana na mtu amekuwa kivuli. Juu ya kamera upande wa kushoto kuna kidude cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza mwanga, kinaenda mpaka +2 na -2 kwa hatua za nusu nusu. Mimi mtu akiwa amelipa ziwa mgongo naweka +1.5 bila kujiuliza, kivulini chini ya mabanda naweka +0.5, na kile kidude hakirudi chenyewe sifuri ukizima kwaiyo jenga mazoea ya kukiangalia. Tangu nifanye hivyo sura zinatoka na macho yanaonekana. Nasisitiza hii kwa sababu maelezo mengi ya hii kamera niliyosoma yameandikwa na watu wanaopiga mitaa ya nchi zenye mawingu, na sura walizopiga sio zetu, hawakuwahi kulazimika kuongeza.

Shata yake mwisho ni 1/500 ya sekunde, haiendi kasi zaidi. Na mkanda wa 400 kwenye jua kali hutoboi na f/2.8 mchana, sahau, utafunga f/11 au f/16 upende usipende. Ukitaka kupiga mchana kwa apecha kubwa weka mkanda wa 100, ila ukishauweka ndo umeoa, jioni huna mwanga. Mimi nimeamua 400 siku zote, na natoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, af tena saa kumi na moja jioni mawe yakianza kuwa ya rangi ya mkate. Ile miamba ya Capri Point na Bismarck jioni kwenye nyeusi-nyeupe inatoka na ngozi yake, mikwaruzo na madoa ya ndege wote yanaonekana.

Sasa kisa cha mama mmoja muuza dagaa, na hiki ndo kilinifanya nione nimenunua kitu sahihi. Asubuhi moja nimemsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi mama, akaitikia, tukaongea bei ya debe, nikamuomba nimpige. Akaiangalia kamera kwa muda, hakuuliza kama ni dijitali. Akauliza "imebaki ngapi?"

Sijawahi kuulizwa hivyo na kijana yeyote. Akanieleza, zamani wakiwa wasichana mpiga picha alikuwa anapita mtaani kwao, swali la kwanza ni hilo, ikiwa zimebaki mbili watu wanagombania, ikiwa zimebaki nyingi kuna muda wa kwenda kubadilisha gauni na kuazima saa ya jirani. Na ukishapigwa unasubiri mkanda uishe, ukichelewa kuletewa picha unajua mawili, mkanda haujaisha au umeungua. Nikaangalia kidirisha juu ya kamera nikamwambia, mama zimebaki kumi na moja. Akasema basi nipige mbili, moja nikiwa nafanya kazi na moja nimetulia. Alijipanga mwenyewe, kitenge akakiweka sawa, mkono kwenye beseni, akaangalia lenzi hakucheka. Hiyo ya kutulia ndo picha bora niliyowahi kupiga. Nilimpelekea baada ya wiki tatu, saizi ya 8 kwa 10, na hakuona wiki tatu ni nyingi.

Na kumjibu zimebaki ngapi iliwezekana kwa sababu ya namna hii kamera inavyofanya kazi ndani. Ukiweka mkanda na kufunga mlango, inauvuta wote kwanza mpaka mwisho, unasikia inanguruma taratibu, af kila ukipiga picha moja inarudisha kipande hicho ndani ya gamba. Kwaiyo namba juu inahesabu kushuka, 36, 35, 34. Uzuri wake mkubwa ni kwamba picha uliyokwisha piga iko ndani ya gamba tayari, gizani. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, alifungua mlango wa nyuma sebuleni mchana kweupe akitafuta picha ziko wapi. Moyo ulinisimama. Kwa kamera nyingi hapo umepoteza nyingi ya ulizopiga. Hapa ziliungua zile ambazo sijapiga bado pamoja na moja au mbili za mpakani, ishirini na mbili za nyuma zikatoka salama salmini. Dogo nilimwelezea, na siku ya kusafisha nikamuita aone.

Haya, kusafisha. Ukubwa wote wa hili jambo uko hapa na ndo maana nasema usinunue kamera kabla hujajibu hili swali. Wazee wanakumbuka mjini palikuwa na studio unaacha mkanda asubuhi unachukua picha mchana. Studio zipo mpaka leo ila zinaprinti kutoka kwenye simu na flashi, mashine za mkanda mimi sijaikuta hata moja inayofanya kazi hapa kati mjini na nimezunguka. Mikanda yangu mitatu ya mwanzo ya rangi niliituma Dar kwa basi, miwili ikarudi imesafishwa vizuri, mmoja ukarudi na michirizi ya dawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, zilikuwa picha za harusi ya rafiki yangu Luchelele. Nikasema hapana. Nikahamia nyeusi-nyeupe na nikajifunza mwenyewe.

Natumia Ilford HP5 Plus ya 400, na dawa ya D-76 ya unga unachanganya mwenyewe. Mkanda mmoja mpaka unifikie ni kama elfu 32, ukiweka na dawa fanya 34, gawa kwa 36, kila ukibonyeza ni kama shilingi 940. Hiyo ndo bei ya kweli ya hii kamera, ile milioni ulishaisahau.

Vitu vyenyewe ni vichache. Tangi la plastiki lisilopitisha mwanga, mfuko mweusi wa kubadilishia wenye mikono, kipimajoto, chupa tatu za maji zilizofunikwa karatasi nyeusi. Mkanda unauvingirisha kwenye kigurudumu ndani ya mfuko kwa kupapasa, na hapa joto letu linaleta shida, mikono inatoa jasho ndani ya mfuko na mkanda wenye unyevu hauingii, unakwama. Mimi nafanya saa kumi na moja alfajiri, feni imewaka, mikono nimeipaka poda kidogo.

Joto tena ndo kila kitu kwenye dawa. Maelekezo yote yanasema nyuzi 20, HP5 kwenye D-76 uliyozimua kwa kiasi sawa cha maji ni kama dakika 11 mpaka 13 kutegemea jedwali unalofuata. Sasa bombani kwangu Nyegezi maji yanatoka nyuzi 25, hata 26 kama tenki limepigwa na jua. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukubali joto na kupunguza muda, kwenye nyuzi 24 mimi nafanya kama dakika 9 na inatoka poa. Ya pili ni barafu, zile za mfuko za kwenye friji anazouza mama jirani yangu, nachukua tano naziweka kwenye beseni la kufulia na maji, chupa za dawa zinakaa humo nusu saa mpaka zinashuka 20. Mama jirani anajua nikija kuchukua tano kwa mpigo asubuhi sio za kunywa, ananiuliza "leo unapika picha za nani?" Nimefanya njia zote mbili na naona ya barafu punje za picha zinakuwa laini kidogo, ila muhimu kuliko yote ni dawa, maji ya kukatisha, hypo (dawa ya kuifanya picha idumu) na maji ya kuoshea vyote viwe joto moja. Mara moja nilitoka kwenye dawa ya nyuzi 20 nikaosha moja kwa moja na maji ya bomba ya 26 na negetivu zote zikawa na chengachenga kama zimemwagiwa mchanga.

Suuza ya mwisho tumia maji yaliyochemshwa na kuchujwa, tone moja la sabuni ya vyombo, la sivyo yanaacha madoa ya chokaa yakikauka. Anika bafuni na vibanio vya nguo, kimoja juu kimoja chini cha uzito, zima taa, funga dirisha. Taa lazima uzime kwa sababu ya wale wadudu wa ziwani, msimu wao wakija wanakuja kama moshi, na wakiona taa wanaingia wote. Nina negetivu ya jua likizama kisiwa cha Saanane ambayo mdudu mmoja ameganda katikati ya anga na hatoki, emulsheni, lile tabaka la mkanda linaloshika picha, ilikuwa bado laini alipotua.

Baada ya hapo naskani kwa kamera ya dijitali ya mshikaji juu ya taa bapa, na za kupeleka kwa watu naprinti studio mjini. Hilo halina maneno mengi.

Kitu kimoja nafurahi nilikiwahi ni kivuko cha Kigongo kwenda Busisi. Miezi ile ya mwanzo wa 2025 nilivuka mara sita hivi kwa makusudi kabisa, nikiwa na HP5 mbili mfukoni, wakati daraja liko karibu kuisha pale pembeni, kilomita kama tatu za zege juu ya maji. Kwenye kivuko 28 ndo lenzi yenyewe. Mabasi yamebanana na malori, abiria wameshuka wamesimama kwenye vinafasi vilivyobaki, wauza machungwa na mayai wanapita kiubavu, huwezi kurudi nyuma hatua mbili maana nyuma ni tairi la basi. Nikiweka snap, f/8, nashusha kamera kifuani na kuongea na watu. Daraja lilifunguliwa Juni 2025 na safari imekuwa ya dakika chache, ni jambo zuri sana, nimeona mwenyewe wagonjwa walivyokuwa wanasubiri foleni kwenye ambulensi wakienda hospitali ya Bugando. Ila wale wauza machungwa wa juu ya kivuko wapo kwenye negetivu zangu kumi na nane na nashukuru nilibonyeza.

Madhaifu ya kamera sasa, msije mkasema sikusema. Kidirisha cha juu kinachoonyesha namba kina ugonjwa unaojulikana, kwa GR1 nyingi kinaanza kupoteza vipande vya tarakimu mpaka kinafutika, na spea hamna. Yangu bado nzima, ila kabla hujalipa muombe muuzaji video ikiwa imewashwa, uone tarakimu zote. Betri ni CR2 moja, sio ya dukani kwa mangi, mimi naagiza Kariakoo tano tano, na bila betri hii kamera ni jiwe, haina hata kitu kimoja cha kuendesha kwa mkono. ISO inasoma yenyewe kwenye ile milia ya gamba la mkanda, huwezi kuipangia, na gamba lisilo na milia inalihesabu kama 100, kwaiyo ukinunua mkanda wa kujazwa upya hakikisha umejazwa kwenye gamba la ISO hiyohiyo. Kwenye kioo cha dirisha la basi fokasi inachanganyikiwa, weka ile alama ya mbali. Na unyevunyevu wa ziwa unaleta kuvu ndani ya lenzi, mimi nailaza kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko na vile vifuko vinavyokuja na viatu vipya, kila baada ya miezi miwili navianika juani.

Kuna GR1s ya 1998 na GR1v ya 2001, ya mwisho unaweza kupanga ISO mwenyewe, ila bei zake zimepaa. Kama unaogopa kununua kitu cha miaka karibu thelathini, Ricoh haohao mwaka 2024 walitoa Pentax 17, mpya kabisa ya mkanda, inapiga nusu fremu kwaiyo mkanda wa 36 unakupa 72, na kwa bei za mikanda huku kwetu hiyo ni hoja nzito. Ni kubwa kuliko GR1 na fokasi unapanga mwenyewe kwa makadirio. Kwa mtu anayeanza, na hana mtu wa kumletea kutoka Japani, mimi ningemwambia aanzie hapo. Kwa mtu ambaye anataka za rangi tu na hana mpango wa kusafisha mwenyewe, abaki na simu, namwambia kwa upendo kabisa, michirizi kwenye picha za harusi ya mtu inauma.

Mimi siiuzi. Sasa hivi ina mkanda, inasoma 9, na kesho asubuhi narudi Mwaloni, yule mayu wa dagaa ana mjukuu amezaliwa Jumanne na ameshanitumia ujumbe niziache angalau tatu. Kama kuna mtu yuko Mwanza na ana mfuko mweusi wa kubadilishia mkanda asioutumia anicheki, wangu zipu imeanza kuachia na siuamini tena.